Mbaraka Mwinshehe: Gwiji aliyeifanya Morogoro mji wa burudani

MJI wa Morogoro hauna bahari, na ndiyo sababu wenyeji wake wakaubandika jina la utani la Mji Kasoro Bahari. Hata hivyo, katika miaka ya 1960 na 1970 mji huo ulioegemea milima ya Uluguru haukuwa na kasoro ya burudani. Wapenzi wa muziki wa dansi kote Afrika Mashariki waliujua kwa bendi zake kabla ya kuujua kwa kitu kingine chochote, na jina lililotangulia yote lilikuwa la marehemu Mbaraka Mwinshehe Mwaruka.

Mbaraka alifariki dunia Januari 1979 mjini Mombasa, kutokana na ajali ya barabarani, akiwa na umri wa miaka 34. Sifa zake kama mtunzi, mwimbaji na mpiga gitaa la solo zimekwishaelezwa mara nyingi. Kisichozungumzwa sana ni kwamba maisha yake ni somo la biashara ya burudani: namna inavyoanzishwa, namna inavyovutia watu, na namna inavyoweza kuporomoka kwa siku moja.

Alizaliwa mwaka 1944. Kwa sadfa ya aina yake, huo ndio mwaka ilipoanzishwa Morogoro Jazz, bendi ambayo ingekuja kumtoa katika giza la kutojulikana. Morogoro ya wakati huo ilikuwa imekwisha kuzoea wageni. Reli ya Kati iliyoanzia Dar es Salaam ilifika hapo mwaka 1907, na kandokando yake yakaenea mashamba ya mkonge yaliyowakusanya vibarua wa makabila mengi. Palipo na watu wanaopokea mshahara mwisho wa mwezi, hapakosi mahitaji ya starehe, na wenye akili ya biashara waliliona hilo mapema.

Mmoja wao alikuwa Salum Abdallah, aliyezaliwa mwaka 1928 kwa baba Mwarabu na mama Mluguru. Mwaka 1948 aliunda kundi la La Paloma, ambalo baadaye likawa Cuban Marimba. Kati ya bendi hiyo na Morogoro Jazz ukazuka ushindani wa watani wa jadi, kila upande na mashabiki wake. Salum Abdallah alifariki mwaka 1965, naye kwa ajali ya gari. Mwaka huohuo kijana Mbaraka alikuwa akianza kung'ara Morogoro Jazz, kana kwamba mji ulikuwa ukikabidhi fimbo kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

Ili kuelewa mzigo aliobeba, ni vema kukumbuka bendi ilivyoendeshwa. Mapato makuu yalikuwa kiingilio cha mlangoni. Kabla senti ya kwanza haijapatikana, zilihitajika magitaa, vipaza sauti, ngoma, tumba, saksafoni na usafiri. Vyote hivyo viligharimu fedha nyingi, na vingi vilitoka ng'ambo. Aghalabu vyombo vilikuwa mali ya klabu, taasisi au mwenye bendi. Mwanamuziki alikuja na kipaji chake na aliondoka na kipaji hichohicho, gitaa lilibaki.

Aidha, wateja wa burudani huchoka upesi. Mwenye uwanja wa michezo ya mitambo huko Ulaya au Marekani hulazimika kununua mtambo mpya kila baada ya muda, la sivyo watu huhamia kwa jirani. Bendi za Tanzania zilikuwa na dawa yao: mtindo mpya. Kila bendi ilijitambulisha kwa mtindo wake wa uchezaji, na jina la mtindo lilikuwa tangazo la biashara. Morogoro Jazz ilitamba na Sululu, na gitaa la Mbaraka ndilo lililokuwa mtambo wa kuisukuma.

Nyimbo kama Mtaa wa Saba zilimfikisha kila nyumba yenye redio. Hakuimba mapenzi peke yake. Dk. Wilbert Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, alipouawa Desemba 25, 1971, Mbaraka alimtungia wimbo wa maombolezo. Msikilizaji alimwona kama mtu anayeishi naye mtaa mmoja, anayejua shida zake na kuzisema kwa lugha anayoielewa.

Heshima kubwa kuliko zote ilikuja mwaka 1970, Morogoro Jazz ilipokwenda Osaka, Japan, kuiwakilisha Tanzania katika maonyesho ya dunia ya Expo 70. Maonyesho hayo yalianza Machi 15 na kumalizika Septemba 13, na watu zaidi ya milioni 64 walipita milangoni. Mbaraka aliiadhimisha safari hiyo kwa wimbo unaoitwa Expo 70.

Osaka palikuwa mahali ambapo burudani ilionekana kama kiwanda kamili. Ndani ya maonyesho kulikuwa na uwanja wa michezo ulioitwa Expoland, wenye vigari vya reli vinavyopanda juu na kuporomoka kwa kasi huku abiria wakipiga mayowe ya furaha na hofu. Maonyesho yalipokwisha, uwanja huo uliendelea kufanya biashara kwa miongo mitatu na zaidi. Lakini Mei 5, 2007, ekseli ya mojawapo ya mitambo yake ilikatika, abiria mmoja akafa na wengine wakajeruhiwa. Miaka miwili baadaye uwanja ulifungwa moja kwa moja. Miaka yote ya uwekezaji iliangushwa na chuma ambacho hakikubadilishwa kwa wakati.

Mwaka 1973 Mbaraka alichukua hatua ambayo wanamuziki wachache wa zama zake waliithubutu. Aliiacha Morogoro Jazz ikiwa na jina kubwa na kuanzisha bendi yake, Super Volcano, iliyokuja na mtindo wa Masika. Zilikuwa nyakati ambazo bendi nyingi nchini zilikuwa chini ya vyama, majeshi na mashirika ya umma, kama vile NUTA Jazz, Polisi Jazz na Vijana Jazz. Mwanamuziki wa taasisi alikuwa na uhakika wa mshahara. Aliyejitegemea alikuwa na uhakika wa kitu kimoja tu: kwamba ukumbi usipojaa, hakuna atakayekula.

Kumbi zilijaa. Shida na Jogoo la Shamba ni miongoni mwa nyimbo za kipindi hicho zilizovuka mipaka na kumpa wapenzi wengi nchini Kenya. Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri, hivyo kazi nyingi za wasanii wake zilichapwa Nairobi. Soko la Mbaraka likawa katika nchi mbili, na hata Tanzania ilipofunga mpaka wake na Kenya Februari 1977, jina lake halikupungua ng'ambo ya pili. Mpaka ulikuwa ungali umefungwa mauti yalipomkuta Mombasa.

Msiba huo uliitikisa Afrika Mashariki, na Super Volcano haikuinuka tena kufikia hadhi yake ya awali. Hapo ndipo lilipo somo lenyewe. Katika uwanja wa mitambo, chuma kikikatika hununuliwa kingine. Katika bendi ya Mbaraka, mtaji wote ulikuwa kichwani na vidoleni mwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa akisafiri barabarani wiki baada ya wiki. Morogoro ilipoteza nguzo zake mbili kubwa, Salum Abdallah na Mbaraka, kwa ajali za magari, tofauti ikiwa miaka 14 tu. Anayewekeza katika burudani leo hana budi kuhesabu usalama wa wasanii kama anavyohesabu bei ya spika.

Lipo pia suala la matunda ya jasho. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ililinda kazi ya mtunzi kwa maisha yake na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hesabu hiyo, haki za warithi wa Mbaraka zinafikia ukomo mwishoni mwa mwaka 2029. Nyimbo zake zingali zikipigwa redioni, kwenye harusi na katika simu za vijana ambao hata wazazi wao hawakupata kumwona jukwaani. Wanaonufaika nazo wanajua thamani yake. Muda uliobaki wa kuwalipa wenye haki ni mfupi.