Lyman Spitzer

Lyman Spitzer (26 Juni 1914 – 31 Machi 1997) alikuwa mwanafizikia na mwanaastronomia wa Marekani. Anajulikana hasa kwa sababu mwaka 1946, miaka 11 kabla ya Sputnik kurushwa, aliandika kwamba darubini kubwa inafaa kuwekwa juu ya angahewa ya Dunia, kisha akatumia zaidi ya miaka 40 kuhakikisha jambo hilo linatendeka. Darubini ya angani ya Hubble ni tunda la kazi hiyo. Alikuwa pia mmoja wa waanzilishi wa utafiti wa gesi na vumbi lililoko kati ya nyota, na wa utafiti wa utegili, yaani gesi yenye joto kali kiasi kwamba atomu zake zimepoteza elektroni.

Maisha ya awali

Alizaliwa mjini Toledo katika jimbo la Ohio. Alisoma fizikia kwenye Chuo Kikuu cha Yale akahitimu mwaka 1935, halafu akakaa mwaka mmoja Cambridge, Uingereza, ambako alikutana na Arthur Eddington na Subrahmanyan Chandrasekhar. Shahada ya uzamivu aliipata Princeton mwaka 1938 chini ya Henry Norris Russell, mmoja wa mabingwa wa elimu ya nyota wa zama zile. Mwaka 1940 alimwoa Doreen Canaday, msomi wa akiolojia, wakapata watoto 4.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia aliacha nyota akafanya utafiti wa sauti chini ya maji, ambao ulihitajika katika kutafuta nyambizi za adui. Mwaka 1947, akiwa na umri wa miaka 33 hivi, aliitwa Princeton kuchukua nafasi ya mwalimu wake Russell kama mkuu wa idara ya astronomia na wa paoneaanga pa chuo. Aliongoza huko hadi mwaka 1979. Pamoja naye alikuja Martin Schwarzschild, na wawili hao walifanya kazi jirani kwa maisha yao yote.

Hoja ya mwaka 1946

Kabla ya kuhamia Princeton, Spitzer aliandika taarifa fupi kwa ajili ya kikundi cha watafiti cha RAND kilicholihudumia jeshi la anga la Marekani. Aliulizwa setilaiti ingeweza kuwa na faida gani kwa sayansi. Wakati huo hapakuwa na setilaiti yoyote, na NASA ilianzishwa miaka 12 baadaye.

Hoja yake inaeleweka kirahisi. Anayetazama nyota kutoka ardhini anatazama kupitia bahari ya hewa isiyotulia. Hewa yenye joto na hewa baridi huchanganyika, na mwanga wa nyota unapopita humo hupindapinda. Ndiyo maana nyota humetameta. Watoto hupenda kumetameta huko, lakini kwa mwanaastronomia ni kero, kwani picha inatiwa ukungu hata darubini iwe kubwa namna gani. Tatizo la pili ni kubwa zaidi: hewa haipitishi kila aina ya mwanga. Ozoni huzuia sehemu kubwa ya mionzi ya urujuanimno, jambo lenye heri kwa ngozi zetu, ila linatufungia dirisha muhimu. Atomu na molekuli nyingi za kawaida, hasa zile za hidrojeni, huacha alama zake zilizo wazi kabisa katika urujuanimno. Asiyeona mionzi hiyo hawezi kujua vizuri kuna nini kati ya nyota.

Spitzer alipendekeza kuanza na darubini ndogo ya kupima urujuanimno na hatimaye kujenga kubwa yenye kioo cha upana wa kati ya mita 5 na 15. Hata Hubble haikufikia nusu ya mita hizo 5. Tena alidai kwamba faida kubwa ya darubini hiyo isingekuwa kuthibitisha mawazo yaliyopo, bali kufunua mambo ambayo hakuna aliyeyafikiria. Wasomaji wa wakati ule wengi waliona ni ndoto.

Copernicus

NASA ilipoanza kujenga setilaiti za kuchunguza nyota, kundi la Princeton chini ya Spitzer lilipewa jukumu la kifaa cha urujuanimno. Mwanzo ulikuwa mgumu. Setilaiti ya kwanza ya mfululizo huo ilirushwa mwaka 1966 ikakata umeme baada ya siku chache. Ya pili ilifanikiwa mwaka 1968. Nyingine ilipotea tarehe 30 Novemba 1970 kwa sababu kifuniko cha roketi hakikufunguka. (Siku 12 tu baadaye, tarehe 12 Desemba, setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya eksirei za angani ilirushwa salama kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, Kenya. Iliitwa Uhuru kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya.)

Kifaa cha Princeton kilipaa tarehe 21 Agosti 1972 kwenye setilaiti iliyopewa jina la Copernicus, kikiwa na kioo cha sentimita 80. Kilifanya kazi kwa zaidi ya miaka 8. Kilipima molekuli za hidrojeni katika mawingu kati ya nyota. Kilikuta pia oksijeni iliyopoteza elektroni 5, dalili ya gesi yenye joto la mamia ya maelfu ya nyuzi. Spitzer alikuwa ameshaeleza mwaka 1956 kwamba gesi moto lazima iizunguke galaksi yetu. Tena kilipima deuteri, aina nzito ya hidrojeni. Nyota huiteketeza deuteri badala ya kuitengeneza, kwa hiyo kiasi kilichobaki kinatuambia habari za dakika za kwanza baada ya Mlipuko Mkuu.

Kupigania darubini kubwa

Kujenga darubini kubwa yenyewe kulihitaji siasa kuliko hesabu. Tangu mwaka 1965 Spitzer aliongoza kamati ya kueleza malengo yake ya kisayansi, na wapinzani wa kwanza walikuwa wanaastronomia wenzake. Waliogopa kwamba chombo kimoja cha gharama kubwa kingekula fedha za darubini za ardhini. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi, na Spitzer aliijibu kwa subira, mkutano kwa mkutano.

Mwaka 1974 kamati ya bunge la Marekani ilifuta fedha za maandalizi. Spitzer na John Bahcall, mwenzake wa Princeton, walizunguka ofisi za wabunge mjini Washington wakieleza manufaa ya mradi, huku wanasayansi kote nchini wakihimizwa kuandika barua. Fedha zilirudi kwa sehemu tu. Kioo kilipunguzwa kutoka mita 3 hadi 2.4, nchi za Ulaya zikaalikwa kuchangia, na mwaka 1977 bunge likakubali.

Hubble ilirushwa tarehe 24 Aprili 1990. Baada ya wiki chache iligundulika kwamba kioo kilisuguliwa vibaya ukingoni kwa takriban mikromita 2 tu, na picha zikawa na ukungu. Spitzer alikuwa na miaka karibu 76. Desemba 1993 wanaanga waliweka vifaa vya kurekebisha kasoro hiyo, na Spitzer aliwahi kuziona picha safi na kuzitumia katika utafiti wake.

Utegili na milima

Mwaka 1951 serikali ya Argentina ilitangaza kwamba imeweza kudhibiti myeyungano wa kinyuklia, nguvu inayowaka ndani ya Jua. Habari haikuwa kweli, lakini ilimfikia Spitzer alipokuwa akielekea kuteleza kwenye theluji huko Aspen, na akiwa kwenye kiti cha kupandia mlima alianza kuwaza namna ya kushika utegili kwa sumaku. Hapo ukatoka mtambo wa stelareta. Mradi alioanzisha Princeton ndio maabara ya utegili ya chuo hicho hadi leo, na stelareta bado zinajengwa, kwa mfano Ujerumani.

Alikuwa mpanda milima hodari. Mwaka 1965 yeye na Donald Morton walikuwa wa kwanza kufika kilele cha Mlima Thor kwenye kisiwa cha Baffin, Kanada.

Kifo na kumbukumbu

Alitunukiwa Nishani ya Taifa ya Sayansi mwaka 1979 na Tuzo ya Crafoord mwaka 1985. Alifariki ghafla Princeton tarehe 31 Machi 1997 akiwa na umri wa miaka 82, baada ya siku ya kawaida ya kazi.

Darubini ya infraredi ambayo NASA iliirusha tarehe 25 Agosti 2003 ilipewa jina lake baada ya shindano lililowashirikisha wananchi. Darubini ya Spitzer ilisaidia kutambua sayari 7 zinazozunguka nyota ya TRAPPIST-1, habari iliyotangazwa mwaka 2017. Ilizimwa tarehe 30 Januari 2020.