MAISHA YA SAFIYUDDIN AL-URMAWI, MPIMAJI WA SAUTI

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, twapenda kuwaeleza ndugu zetu habari za mwanachuoni mmoja wa Baghdad ambaye jina lake halitajwi sana kwetu, ingawa wapigaji wa udi na kanuni wa mwambao huu huyataja majina ya Rasti na Hijazi, aliyoyaandika na kuyapima yeye. Wanazuoni wamekhitilafiana katika hukumu ya ala za muziki, wala kitabu hiki kidogo hakikuja kuikata khitilafu hiyo. Makusudi yetu ni elimu ya vipimo vya sauti, ambayo watu wa kale waliihesabu katika fani za hesabu, pamoja na handasa na falaki.

Jina lake ni Safiyuddin Abdulmuumin bin Yusuf al-Urmawi, naye alizaliwa yapata mwaka 613 wa Hijra (1216). Nisba yake ni ya mji wa Urmia, upande wa Azerbaijani. Aliingia Baghdad angali kijana, akasoma lugha na adabu, na katika madrasa ya al-Mustansiriyya, iliyofunguliwa mwaka 631 (1234), akasoma fiqhi ya madhehebu ya Imam Shafii. Hati yake ilikuwa nzuri mno, hata Khalifa al-Mustaasim akamweka katika maktaba yake anakili vitabu. Khalifa hakumjua kuwa ni mpigaji wa udi mpaka alipopata habari kwa mwimbaji mmoja wa kike aliyefunzwa naye. Basi akamkaribisha katika baraza lake, akamwekea dinari 5,000 kwa mwaka.

Sasa, ewe msomaji, sikiliza shida aliyoikabili. Uzi wa udi ukizuiwa katikati, nusu yake hutoa sauti ile ile, lakini kwa juu. Umbali huo huitwa dhul-kulli. Ukizuiwa katika thuluthi yake hupatikana dhul-khamsi, katika robo yake dhul-arbaa, na katika tusui yake hupatikana hatua moja nzima iitwayo tanini. Mtu akipanda kwa dhul-khamsi mara 12, hutaraji kuikuta sauti aliyoanzia, iliyopandishwa dhul-kulli saba. Lakini hesabu humkatalia. Hujikuta ameipita kidogo, yapata sehemu moja katika tisa za tanini. Ziada hiyo ni ndogo, lakini sikio huisikia, na kila atengenezaye nyuzi hana budi kuitafutia mahali.

Safiyuddin hakuificha ziada hiyo, bali aliipa nafasi yake. Alichukua kipimo kiitwacho baki, nacho ni uzi uliogawanywa mafungu 256, yakazuiwa mafungu 13, yakaachwa 243 yalie. Akaona kwamba tanini moja hutosha baki mbili, na kinachosalia, ambacho ndicho fadhla, ni sawasawa na ile ziada iliyowashinda watu. Kwa hiyo kila tanini aliigawa sehemu tatu: baki, na baki, na fadhla. Na kwa kuwa dhul-kulli ni tanini tano na baki mbili, jumla yake zikawa hatua 17.

Sauti zake alizitia alama kwa hesabu ya abjadi. Uzi ulio wazi ni alifu. Tanini hufika katika dali, ambayo ni 4. Dhul-arbaa katika ha, ambayo ni 8. Dhul-khamsi katika ya na alifu, ambazo ni 11. Na dhul-kulli katika ya na ha, ambazo ni 18. Hayo aliyaandika katika Kitabu al-Adwar, na nakala ya zamani iliyobaki ni ya mwaka 633 (1236), wakati mwenyewe ana miaka kama ishirini tu. Humo alichanganya namna saba za kuigawa dhul-arbaa na namna 12 za kuigawa dhul-khamsi, akapata duru 84. Katika hizo akazitaja 12 zilizo mashuhuri, miongoni mwake Ushaki, Rasti, Iraki, Isfahani, Huseini na Hijazi.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba hesabu yake ilimaliza kila jambo. Mansur Zalzal, mpigaji wa karne ya 2 ya Hijra, alikuwa na mahali pake pa kuweka kidole cha kati, napo huanguka baina ya vituo viwili vya Safiyuddin. Vidole vya wapigaji viliendelea kulifuata sikio.

Mwaka 656 (1258) Hulagu aliingia Baghdad, Khalifa akauawa na watu wengi wakaangamia. Wanahistoria wamesimulia kwamba Safiyuddin alimkirimu mmoja wa maamiri wa Wamongoli kwa chakula na udi, na kwa sababu hiyo akapelekwa mbele ya Hulagu, naye akapendezwa naye, akamwongezea mshahara hata dinari 10,000. Kisha akawa chini ya hifadhi ya ukoo wa Juwaini, mawaziri na watawala wa zama hizo. Kijana wao Sharafuddin Harun alimwandikia kitabu cha pili, al-Risala al-Sharafiyya.

Lakini kivuli cha wakubwa hakidumu. Waziri Shamsuddin Juwaini aliuawa mwaka 683 (1284), na Harun mwaka 685 (1286). Safiyuddin akasahauliwa, akafilisika, na mtu aliyekuwa akipokea dinari 10,000 kwa mwaka akashikwa kwa deni la dinari 300. Akafa kifungoni Baghdad katika mwezi wa Safar, mwaka 693 (1294).

Makhalifa walipita, na Wamongoli wakapita, na dinari zote zile hazikumfaa siku ya deni. Hesabu yake ikabaki. Abdulkadir wa Maragha, aliyefariki mwaka 838 (1435), aliisherehesha, na wanazuoni wa Uajemi na wa Uturuki wakaifuata kwa karne nyingi. Hata katika karne ya 20, Waturuki walipoigawa dhul-kulli sehemu 24 zisizo sawa, waliijenga juu ya baki na fadhla zile zile. Basi na azingatie mwenye mali, na azingatie mwenye elimu. Mwenyezi Mungu amrehemu Safiyuddin, atusamehe sisi na yeye. Amin.