Ray Eames: Mwanamke asiyetajwa kwenye viti maarufu

Wanaosaka fanicha za mtumba za miaka ya 1950 huko Marekani, wazipige msasa na kuzirudisha sebuleni, wanalijua jina Eames. Wengi humfikiria Charles. Kumbe walikuwa wawili.

Ray alizaliwa mwaka 1912 Sacramento, California, akasomea uchoraji New York. Mwaka 1941 aliolewa na Charles, msanifu majengo, wakahamia Los Angeles.

Karakana hawakuwa nayo. Ndani ya nyumba ya kupanga wakajitengenezea mashine ya kukunja plaiwudi kwa joto na gundi, wakisukuma hewa kwa pampu ya baiskeli. Yakatoka kwanza mabanzi ya kufungia miguu ya wanajeshi wa majini waliojeruhiwa Vita vya Pili vya Dunia. Baadaye, viti.

Mwaka 1946, makumbusho ya MoMA, New York, yakavionyesha. Jina kwenye maonyesho? Charles peke yake.

Ray hakuacha kazi. Mwaka 1949 wakahamia nyumba waliyoijenga kwa vyuma na vioo vya kawaida vya kiwandani, wakaijaza vikapu, mazulia, mawe na vitu vya kuokota.

Charles alifariki tarehe 21 Agosti 1978. Ray akafuata 21 Agosti 1988, miaka 10 kamili baadaye.

Siku ukikikuta kiti chao kwa muuza mitumba, kabla hujakipaka rangi, jua kina wenyewe wawili.