Beryl Markham: Mwanamke aliyevuka Atlantiki kwa ndege ya mbao

JIONI ya Septemba 4, 1936, ndege ndogo ya injini moja iliruka kutoka Abingdon, Uingereza, ikielekea New York. Ndani yake alikuwamo mtu mmoja tu, Beryl Markham, mwanamke wa miaka 33 aliyekulia Njoro, Kenya. Hakuwa na redio, na mahali pa viti vya abiria palikuwa pamejaa matangi ya mafuta.

Markham alizaliwa Uingereza Oktoba 26, 1902. Akiwa bado mtoto mdogo, baba yake, Charles Clutterbuck, alihamia naye Kenya, akafungua shamba na kufuga farasi. Mama yake hakukawia kurejea Ulaya, na binti akabaki na baba. Alicheza na kuwinda pamoja na watoto wa Kiafrika, akakijua Kiswahili tangu utotoni. Baba alipofilisika na kuondoka nchini, msichana huyo alijitafutia riziki kwa kufundisha farasi wa mashindano.

Mwaka 1931 alianza kujifunza urubani kwa Tom Campbell Black, na baadaye akapata leseni ya kurusha ndege kibiashara. Alibeba barua na abiria, na aliwatafutia wawindaji makundi ya tembo kutoka angani. Katika kitabu chake anasimulia safari ya usiku ya kupeleka mtungi wa oksijeni katika machimbo ya dhahabu ya Nungwe, Tanganyika, kwa ajili ya mchimbaji aliyekuwa mahututi.

Kazi hiyo ilimfundisha hesabu ya uzito. Mkazi wa Buguruni anayeziona ndege ndogo zikitoka Uwanja wa Julius Nyerere kwenda Zanzibar na Mafia huenda anajua kuwa mizigo ya abiria hupimwa kwenye mizani kabla ya safari. Katika ndege ya aina hiyo, kila kilo inayoongezwa hupunguza kitu kingine, ama mafuta, ama mwendo, ama usalama wa kuruka.

Ndege aliyoitumia Markham mwaka 1936 ilikuwa Percival Vega Gull, mali ya Lord Carbery, mlowezi wa Kenya. Mifupa yake ilikuwa ya mbao, ikavikwa plaiwudi na kitambaa, na injini yake ilikuwa na nguvu za farasi 200. Kwa safari ile ilibebeshwa zaidi ya lita 1,100 za mafuta, mzigo uliokaribia uzito wa ndege yenyewe ikiwa tupu. Mafuta mengi kiasi hicho yalihitajika kwa sababu kuvuka Atlantiki kuelekea magharibi ni kupambana na upepo unaovuma kutoka mbele.

Baada ya zaidi ya saa 20 angani, usiku, mvua na ukungu vikiwa vimemwandama, injini ilianza kukohoa na kuzima. Barafu ilikuwa imeziba njia ya hewa ya tangi la mwisho, mafuta yakashindwa kupita sawasawa. Alitua kwenye tope lenye mawe huko Baleine, katika kisiwa cha Cape Breton, Kanada. Pua ya ndege ilizama matopeni na yeye akajeruhiwa kichwani, lakini alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kwenda magharibi bila kutua. Wiki mbili baadaye, Campbell Black, mwalimu wake, alikufa katika ajali ya ndege uwanjani.

Kitabu chake, West with the Night, kilitoka mwaka 1942, kikasahauliwa, kisha kikachapishwa upya mwaka 1983 na kumrudishia umaarufu uzeeni. Alikuwa amerejea Kenya miaka mingi kabla ya hapo na kuwa mfundishaji farasi mwenye sifa. Alifariki dunia Nairobi Agosti 3, 1986.

Desemba ya mwaka huohuo, ndege iitwayo Voyager iliizunguka dunia kwa siku tisa bila kutua wala kuongezwa mafuta, ikiendeshwa na Dick Rutan na Jeana Yeager. Aliyeibuni, Burt Rutan, alikuwa mashuhuri kwa ndege ndogo ambazo watu hujiundia wenyewe. Umbo lake, lililotengenezwa zaidi kwa nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi ya resini, lilikuwa na uzito wa kilo 426 bila injini, lakini iliruka na zaidi ya tani tatu za mafuta.

Leo wanaojiundia ndege hutumia nyuzi hizo kwa mabawa, mikia na hata propela. Ndege ikiwa nyepesi, injini ndogo hutosha, na injini ndogo hula mafuta kidogo. Hata hivyo nyuzi za kaboni ni ghali, na zikipigwa huweza kupasuka kwa ndani bila jicho kuona.

Kwa nyuzi hizo, Markham angeweza kubeba mafuta mengi zaidi, au kuruka kwa usalama zaidi na yaleyale aliyokuwa nayo. Lakini hazingemwondolea barafu ile. Uzito ulimlazimisha kupanga safari nzima kwa hesabu kali. Kilichomshusha matopeni, mafuta yakiwa bado yamo ndani ya tangi, ni kitundu cha hewa kilichoziba.