Mwalimu Nyerere: meno yaliyochongwa na bakteria wanaoishi kinywani

Tazama picha yoyote ya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere akicheka, na alikuwa mtu wa kucheka sana. Meno yake ya mbele ya juu yamechongoka kama pembetatu. Vijana waliozaliwa baada ya yeye kufariki huenda wakadhani alizaliwa nayo hivyo. Sivyo. Yalichongwa kwa desturi ya Wazanaki, na leo tunayafuata meno hayo kutoka Butiama hadi Mwisenge na kwingineko, kwa sababu yanatufikisha kwenye jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa shuleni.

Kambarage alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 huko Butiama, mtoto wa Chifu Burito Nyerere na mke wake wa tano, Mgaya. Jina alilopewa ni la mzimu wa mvua. Alichunga mbuzi, alilima, na alisema Kizanaki tu. Mwaka 1934, akiwa na miaka 12, alipelekwa shule ya Mwisenge mjini Musoma, kando ya Ziwa Viktoria, kilomita zipatazo 40 kutoka nyumbani. Kwa umri wa leo huyo ni mtoto aliyechelewa mno. Alisoma akiwa bwenini, akajifunza Kiswahili, na masomo ya miaka minne akayamaliza kwa mitatu. Mwaka 1937 akaenda Tabora, na 1943 akaingia Makerere, Uganda. Mwaka huohuo alibatizwa na kuitwa Julius.

Wengi husahau kwamba aliporudi kutoka Makerere alifundisha baiolojia katika shule ya St. Mary's, Tabora. Jina la Mwalimu lilianzia darasani, si jukwaani.

Basi tulichukue somo hilo la baiolojia kutoka pale. Kwamba kinywa kina vijidudu lilikuwa jambo la zamani: Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek aliwaona kwa hadubini yake mwaka 1683, katika utando aliokwangua kwenye meno yake mwenyewe. Swali lililokuwa gumu ni hili: mate yanatiririka mchana kutwa, tunameza, tunatafuna, tunapiga mswaki. Kwa nini bakteria hawa hawasombwi wote wakaishia tumboni?

Jibu liko kwenye sukari, ila si ile ya kijiko. Protini za mate yetu zimebeba minyororo midogo ya sukari za mwilini. Mara tu baada ya kupiga mswaki, protini hizo hujipaka upya juu ya jino kama utando mwembamba. Baadhi ya bakteria nao wana protini zinazotambua sukari fulani na kuishika, kama ufunguo na kufuli lake. Wanasayansi huziita lektini. Jina hilo lilibuniwa mwaka 1954, mwaka uleule Nyerere na wenzake walipounda TANU, ingawa mambo hayo mawili hayana uhusiano wowote.

Wanaotangulia kufika kwenye jino ni bakteria wa jamii ya Streptococcus, kama gordonii na sanguinis. Hao hushika sukari iitwayo asidi ya sialiki kwenye protini za mate. Wakishatulia, wengine huja na kuwashika wao. Mmoja wao, Fusobacterium nucleatum, ni mrefu na mwembamba, na ndiye anayewaunganisha waliotangulia na wanaochelewa. Ana protini iitwayo Fap2 inayoshika sukari za aina ya galaktosi. Mwaka 2016 watafiti wa Jerusalem walionyesha kwamba kwa protini hiyohiyo bakteria huyu hujishikiza kwenye uvimbe wa saratani ya utumbo mpana, ambao una sukari hiyo kwa wingi. Mkaaji wa kinywani, kumbe, anaweza kupata makao mbali sana na meno.

Hapa ndipo kuchonga meno kunapopata uzito. Jino likichongwa, tabaka gumu la nje huondoka, na sehemu laini ya ndani hubaki wazi kwa bakteria. Fizi ikijeruhiwa, mlango wa damu hufunguka. Zile chembe zinazosaidia damu kugandana zina asidi ya sialiki juu yake, kama zilivyo protini za mate. Streptococcus aliyeingia kwenye damu huzishika kwa lektini ileile, na kwa mtu ambaye vali za moyo wake zina kasoro, hapo huweza kuanza maambukizi ya moyo yanayoua asipotibiwa.

Desturi ya kuchonga meno imefifia. Lakini zipo sehemu za Tanzania ambako fizi za watoto wachanga bado hukatwa kwa imani ya meno ya plastiki, mtoto anapopata homa au kuharisha. Kinachotolewa ni chipukizi la jino halali, na kidonda kinaachwa katika kinywa kilichojaa bakteria wa aina hii. Sisi tunaona hili linastahili kusemwa redioni mara nyingi zaidi kuliko linavyosemwa.

Mwalimu alikwenda Edinburgh mwaka 1949, akarudi na shahada 1952, akafundisha Pugu kabla ya siasa kumchukua moja kwa moja. Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961, naye akaongoza nchi hadi 1985. Hakuficha meno yake mbele ya malkia wala marais. Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999 katika hospitali ya St. Thomas', London, kwa saratani ya damu, akazikwa Butiama. Shule ya Mwisenge ingali inapokea watoto wa Musoma.