Joseph Black na Siri ya Jiwe la Chokaa

Apitaye Jozani, pale kima punju warukapo vichakani, huona miti imeota juu ya mawe makali ya matumbawe. Mawe ya namna hiyo ndiyo wazee wetu waliyoyachoma tanuuni wakapata chokaa ya kujengea Mji Mkongwe. Mimi nilidhani moto huyalainisha tu, hata niliposoma habari za Joseph Black.

Bwana huyu alizaliwa mwaka 1728 huko Bordeaux, Ufaransa, ambako baba yake alifanya biashara ya mvinyo. Alisoma Glasgow, kisha akaenda Edinburgh kutimiza elimu ya uganga. Siku hizo wagonjwa wenye vijiwe kibofuni walinyweshwa maji ya chokaa, dawa kali sana, na walimu wake wawili walikuwa wakibishana chokaa ipi ni bora. Black hakutaka kuingia katika ugomvi wa wakubwa. Akatafuta dawa nyingine iliyo pole.

Aliyeyusha chumvi ya haluli majini, akatia maji ya potashi. Vyote viwili vilikuwa vimeyeyuka, lakini vilipokutana yakatuama mashapo meupe, yaani magnesia. Hakupata dawa ya vijiwe, ila alipata njia ya kuchunguza.

Ndipo alipopima chaki, ambayo ni jamaa ya mawe yetu, grein 120. Akaichoma sana, ikabaki chokaa ya grein 68. Akaitia chokaa ile katika maji ya potashi, akaiosha na kuikausha. Ikawa chaki tena, grein 118! Basi kilichopotea motoni kilikuwa hewa, nayo chokaa iliirudisha kutoka katika potashi. Habari hizo zilichapwa mwaka 1756. Leo hewa hiyo twaiita kaboni dayoksaidi.

Hewa hiyo imo pia katika pumzi zetu. Pulizia kwa mrija ndani ya maji safi ya chokaa, nayo yatageuka kama maziwa. Kwa maana chokaa huyeyuka kidogo majini, lakini jiwe lake haliyeyuki.

Black alifundisha Glasgow, na tangu mwaka 1766 Edinburgh. Alifariki mwaka 1799, na yasimuliwa kwamba alikuwa ameketi na kikombe cha maziwa magotini, wala hayakumwagika.

Wenzangu, wachoma chokaa walikuwako maelfu ya miaka kabla yake. Yeye alizidi kwa jambo moja: alipima kabla, akapima na baada. Nasi maabarani tusione uvivu kushika mizani.