Simba wa Kenya na Gari Kuukuu

Ukipita stejini Kitale au Bungoma hukosi kuwasikia madereva wakibishana. Huyu anasema Toyota haifi, yule anaapa kwamba Peugeot ya zamani ilikuwa chuma. Kampuni ndizo husifiwa. Fundi hatajwi!

Marehemu Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka 1932. Baba yake alikuwa na gereji, kwa hivyo alishika spana mapema. Mnamo 1958 aliajiriwa na chama cha wenye magari, kazi yake kuwasaidia waliokwama njiani. Nadhani huko ndiko alikojua magari huharibikia wapi.

Mwaka 1965 yeye na nduguye Jaswant waliingia Safari Rally na Volvo PV544. Halikuwa gari jipya hata! Kampuni ilikuwa imelikimbiza katika mashindano yaliyotangulia, likaachwa hapa. Wengine wangeliita skrepa. Joginder alilinunua, akalitengeneza, kisha akawaacha wenzake kwenye matope kwa zaidi ya saa moja na nusu. Watu wakamwita Simba wa Kenya.

Mwaka 1974 alimpiku Björn Waldegård wa Porsche, yeye akiwa na kigari cha Mitsubishi Colt Lancer. Mwaka 1976 alishinda tena, na Lancer zikachukua nafasi zote tatu za kwanza. Basi Mitsubishi nayo ikapata jina.

Alifariki London mwaka 2013. Alikuwa ameanza Safari 22, na katika hizo alifika mwisho mara 19.